Kufungua na Kurekebisha Kabureta ya Pikipiki ya Zamani: Mwongozo Kamili

Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, haina vitu vingi vya kuharibika. Ni bodi ya aluminiamu yenye vijia vyembamba, vipande vichache vya shaba ya njano, boya, sindano na mipira. Pikipiki ikilala miezi kadhaa ikiwa na petroli ndani, petroli hiyo hukauka polepole na kuacha utando wa kahawia unaonata kama gundi, na tundu la kwanza kuzibwa ni lile lililo dogo kuliko yote. Kwa hiyo kabureta nyingi zinazoitwa mbovu zimeziba tu. Na ndiyo maana mtu anaweza kusugua jeti zote (vile vipande vya shaba vyenye tundu linalopima petroli) zikang'aa, akafunga, akapiga kiki na pikipiki ikabaki vilevile: jeti zilisafishwa, lakini vijia vilivyo ndani ya bodi havikuguswa.

Maelezo haya yanahusu aina mbili za kabureta. Ya kwanza ni ile ambayo kebo ya akseleta huvuta moja kwa moja slaidi, yaani kipande kinachopanda na kushuka ndani ya koo la kabureta, na ndiyo iliyo kwenye pikipiki nyingi ndogo za silinda moja. Ya pili ni ya vakyumu: kebo hufungua butaflai (kisahani kinachogeuka ndani ya koo), na slaidi hupandishwa na mfyonzo wa injini kupitia daiframu, yaani utando wa mpira, iliyo chini ya kifuniko cha juu. Kazi karibu yote ni ileile, na panapotofautiana imeelezwa.

Hakikisha kosa ni la kabureta

Angalia kwanza plagi inatoa cheche kali, tapeti zimesetiwa, filta ya hewa haijaziba, na petroli inashuka vizuri kutoka kwenye tangi. Chomoa mpira wa mafuta, fungua koki, acha itiririke kwenye chupa kwa nusu dakika. Ikianza vizuri kisha ikawa matone, tundu la hewa la kifuniko cha tangi limeziba au chujio la koki limejaa kutu. Kama koki ni ya vakyumu haitatoa kitu injini ikiwa imezimwa, hivyo iweke kwenye alama ya PRI.

Kisha chunguza kosa linatokea akseleta ikiwa imefunguliwa kiasi gani. Bandika utepe kwenye mshikio na mwingine kwenye kizimba cha swichi ili uone robo, nusu na robo tatu. Kutoka kufungwa hadi moja ya nane, injini inalishwa na jeti ndogo pamoja na skrubu ya mchanganyiko. Kutoka hapo hadi robo, mkato wa chini ya slaidi ndio wenye kauli kubwa kwenye kabureta za slaidi. Robo hadi robo tatu ni sindano ya slaidi na mrija inamopita. Zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Pikipiki isiyokaa sailensa, yaani isiyonguruma yenyewe bila akseleta kuguswa, lakini ikivutwa inakwenda vizuri, haina shida na jeti kubwa hata kidogo.

Ikiwa inakubali kuwaka na kutembea choki ikiwa imevutwa tu, basi petroli ni chache au hewa ni nyingi. Kabla ya kulaumu jeti, nyunyizia maji kidogo kwenye mpira unaounganisha kabureta na injini wakati injini inanguruma. Mlio ukibadilika, mpira huo umepasuka au klempu imelegea, na kusafisha kabureta hakutasaidia kitu.

Vifaa

Hapa kosa la kwanza hufanyika mapema sana. Skrubu za nyota kwenye kabureta za Kijapani, yaani Keihin na Mikuni nyingi, zimechongwa kwa kipimo cha JIS, yaani viwango vya viwanda vya Japani. Bisibisi ya nyota ya kawaida huonekana kuingia, lakini haikai hadi chini, na ukikaza mkono huteleza na kula kichwa cha skrubu. Tafuta bisibisi ya JIS namba 2 na namba 1. Ukikosa, chukua ya kawaida yenye ncha nzima, bonyeza kwa nguvu zaidi ya unavyozungusha, na igonge kitako kwa nyundo ndogo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha, maana mtikisiko huo huachanisha kutu.

Pia andaa bisibisi bapa zinazojaa kabisa kwenye mfereji wa jeti, spana namba 8 na 10, koleo la ncha ndefu, kimrija cha plastiki cha kunyunyizia dawa ya kabureta, miwani, trei nyeupe, na uzi mmoja wa waya wa shaba uliotolewa ndani ya waya laini wa umeme. Shaba nyekundu ni laini kuliko shaba ya njano ya jeti, kwa hiyo haitapanua tundu. Biti ya drili na sindano ya kushonea zisikaribie jeti. Jeti ndogo ya Keihin yenye namba 35 ina tundu la milimita 0.35, na ukiongeza milimita 0.02 au 0.03 tayari ni jeti nyingine.

Nunua mapema gasketi ya bakuli (kikombe cha chini kinachokaa petroli), oringi zote, yaani pete za mpira, na sindano ya boya. Jeti zenyewe usibadilishe ovyo. Jeti zilizokuja na pikipiki, zikisafishwa, mara nyingi ni bora kuliko zile za kwenye vifurushi vya bei rahisi, ambazo namba yake na tundu lake havikubaliani. Usichanganye pia namba za kampuni mbili: Keihin huhesabu kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, ilhali jeti kubwa za Mikuni zenye kichwa cha pembe sita huhesabiwa kwa kiasi cha petroli kinachopita. Namba 110 ya huku si 110 ya kule.

Kuitoa kwenye pikipiki

Fanya kazi nje au mahali penye hewa, bila moto wala sigara, na chomoa waya hasi wa betri. Piga picha kila mpira na kila kebo kabla ya kugusa.

1. Funga koki, toa kiti na tangi.
2. Fungua skrubu ya chini ya bakuli na umwage petroli kwenye chupa ya kioo. Iangalie: matone ya maji yatakaa chini yakiwa ya mviringo, na unga wa kahawia ni kutu ya tangi. Ukiona kutu nyingi, tangi lioshwe kwanza au uwekwe mchujo mpya, la sivyo kazi hii utairudia wiki ijayo.
3. Legeza klempu za mbele na za nyuma. Usizitoe, zilegeze tu mpaka zicheze.
4. Rudisha boksi la filta nyuma kadiri litakavyokubali. Kwenye pikipiki nyingi kuna bolti mbili zinazolishikilia, na ukizitoa utapata sentimita moja au mbili za ziada.
5. Izungushe kabureta kushoto na kulia huku ukiivuta nyuma. Mpira ukiwa mgumu, umwagie maji ya moto au upashe kwa mashine ya kukaushia nywele baada ya petroli yote kumwagwa na kukauka. Usipenyeze bisibisi kati ya mpira na bodi, kwa sababu mdomo wa aluminiamu ukikwaruzwa utavuta hewa milele.
6. Toa kebo. Kwenye kabureta ya slaidi, fungua kifuniko cha juu kwa mkono na slaidi itatoka ikining'inia kwenye kebo pamoja na springi. Ifunge kwa kitambaa isigongwe. Kwenye ya vakyumu, legeza nati za kebo na uchomoe kichwa chake kwenye gurudumu la butaflai.
7. Ziba mdomo wa injini kwa kitambaa kikubwa cha rangi kali. Kitambaa kidogo cheusi ndicho kinachosahauliwa ndani.

Kuifungua

Safisha nje kwanza kwa petroli na brashi, kisha ndipo ufungue. Toa skrubu za bakuli kwa kukingamana. Bakuli likigoma, ligonge ubavuni kwa kishikio cha bisibisi cha mbao au plastiki.

Pini ya boya inahitaji subira kuliko kitu kingine humu. Imepita kwenye vinguzo viwili vya aluminiamu vinavyovunjika kirahisi, na kikivunjika kimoja bodi nzima imekwisha. Kwenye kabureta nyingi pini ina upande mmoja mnene au imebanwa na nguzo moja, hivyo hutoka upande mmoja tu. Itazame kwa karibu, itilie mafuta ya kupenya, kisha isukume kwa pini nyembamba huku nguzo ya upande wa pili ikiegemezwa na koleo au kipande cha mbao. Usiigonge nguzo ikiwa haina egemeo. Boya likitoka, sindano yake hutoka nalo, na klipu yake ndogo ya waya hudondoka. Trei nyeupe ipo kwa ajili hiyo.

Sasa toa jeti kubwa, mrija wa sindano ulio juu yake, na jeti ndogo iliyozama ndani ya shimo lake. Jeti ndogo ndiyo inayoliwa kichwa mara nyingi, kwa kuwa watu hutumia bisibisi nyembamba. Kwenye baadhi ya kabureta shimo hilo lina kizibo cha mpira juu yake, na kizibo hicho lazima kirudi. Kikikosekana, jeti ndogo itavuta petroli moja kwa moja kwenye bakuli badala ya kupitia jeti kubwa, na injini itasongwa na mafuta.

Skrubu ya mchanganyiko ina utaratibu wake. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka ikae, ukihesabu mizunguko, na uandike: mathalani mzunguko 1 na robo tatu. Usikaze kwa nguvu, kwa sababu ncha yake hukatika na kubaki ndani ya tundu. Ndipo uifungue yote. Ikiwa iko upande wa injini, nyuma yake kuna springi, washa na oringi ndogo sana, na oringi ndiyo iliyo ndani kabisa. Mara nyingi oringi na washa hubaki shimoni, kwa hiyo zivute kwa waya wenye ncha iliyopindwa. Kwenye baadhi ya pikipiki skrubu hii imefichwa na kizibo cha shaba kilichowekwa kiwandani. Kitoboe katikati kwa biti ya milimita 2 au 3 na uache mara tu biti inapopenya, kisha zungushia humo skrubu ya kufungia mbao na uivute kwa koleo.

Kwenye kabureta ya vakyumu, bonyeza kifuniko cha juu huku ukitoa skrubu, kwani springi iko chini yake. Toa slaidi na daiframu bila kuvuta mpira. Inyanyue daiframu kwenye mwanga na uinyooshe kidogo kwa vidole. Tundu hata la ukubwa wa ncha ya sindano huifanya slaidi isipande vizuri, na pikipiki hukataa kupita nusu akseleta.

Kusafisha vijia

Ondoa kila mpira kwanza, maana dawa ya kabureta huvimbisha oringi na kuiua daiframu kabisa. Vaa miwani: dawa ukiipuliza kwenye kijia kimoja hutokea kingine, na kwa kawaida hicho kingine kinakutazama usoni.

Loweka jeti kwenye dawa kwa nusu saa, pitisha uzi wa shaba, puliza, kisha uzielekeze kwenye taa. Tundu liwe duara kamili, bila kivuli. Mrija wa sindano una vitundu vingi ubavuni na kila kimoja lazima kione mwanga.

Baada ya hapo ni bodi, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Fuata vijia kimoja kimoja, usinyunyize tu ovyo:

- Shimo la jeti ndogo. Ingiza kimrija cha dawa humo na uzibe mengine kwa kidole. Dawa itoke kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko na kwenye vitundu viwili hadi vinne vidogo vilivyo kwenye koo la kabureta, karibu na ukingo wa butaflai. Vitundu hivyo ndivyo vinavyoleta mafuta akseleta inapoanza kufunguliwa. Vikiziba, pikipiki hukaa sailensa vizuri lakini hukohoa unapoondoka.
- Vijia vya hewa kwenye mdomo wa upande wa filta. Kwa kawaida ni viwili, kimoja cha jeti ndogo na kimoja cha jeti kubwa. Puliza hapo na uhisi hewa kwenye mashimo ya jeti husika.
- Kijia cha choki. Husahauliwa karibu na kila mtu. Kwenye kabureta nyingi kinaanzia ndani ya bakuli lenyewe: tazama kwenye kona au ukuta wa bakuli, utaona kishimo kirefu chenye jeti ndogo iliyopigiliwa chini. Ikiziba, pikipiki haiwaki asubuhi ikiwa baridi, hata uvute choki mpaka uchoke.

Ukiwa na kompresa, tumia presha ndogo. Kijia kikigoma, jaza dawa, acha usiku kucha, rudia. Mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti yenye maji ya moto na sabuni hufanya kazi nzuri sana, ila nayo humaliziwa kwa kupuliza kila kijia, maana uchafu ulioachana na ukuta bado umo ndani. Usihesabu kijia kuwa kimefunguka kabla hujaona dawa ikitoka upande wa pili kwa nguvu sawa na ya kuingilia.

Boya na kimo cha petroli

Itazame ncha ya sindano ya boya kwa kioo cha kukuzia. Ikiwa na mfereji wa duara, ibadilishe. Kiti chake kisugue kwa pamba ya masikio iliyotiwa dawa ya kung'arishia chuma, kwa mkono, mara kadhaa tu. Kwenye kabureta ambazo kiti hutoka, kuna oringi chini yake, na oringi hiyo ikichoka petroli hupita pembeni huku sindano ikisingiziwa.

Tikisa boya karibu na sikio. La shaba likiwa na petroli ndani limetoboka: lizamishe kwenye maji ya moto na mapovu yataonyesha tundu.

Kimo hupimwa bakuli likiwa limetolewa. Laza kabureta ubavu kiasi kwamba ulimi wa boya unagusa pini ya sindano bila kukandamiza springi yake ndogo, kisha pima kutoka uso wa gasketi hadi mgongo wa boya. Kipimo ni cha pikipiki yako, kiko kwenye kitabu chake cha ufundi. Usikopi cha pikipiki nyingine. Boya likirekebishika, pinda ulimi wa chuma kidogo mno kila mara. Milimita zikiongezeka, petroli kwenye bakuli hushuka na mchanganyiko huwa mwepesi. Zikipungua, hupanda na bakuli huweza kufurika. Boya ambalo hata ulimi wake ni plastiki halipindwi, hubadilishwa.

Kufunga na kujaribu mezani

Rudisha kila kitu kwa mpangilio wa kinyume. Jeti zikae na kubanwa kidogo tu, kwa sababu shaba hukatika. Oringi zipakwe mafuta mepesi. Klipu ya sindano ya slaidi irudi kwenye mfereji uleule ilikotoka, na kama kuna mitano bila kumbukumbu, anza na wa kati. Kupandisha klipu hushusha sindano na kupunguza mafuta.

Daiframu ina kijiulimi kinachoingia kwenye nafasi yake. Ilaze vizuri kwenye mfereji, weka springi, funga kifuniko, kisha isukume slaidi juu kwa kidole na uiachie. Ishuke taratibu na kwa ulaini. Ikidondoka ghafla, daiframu imebanwa vibaya au imetoboka.

Silikoni isitumike kwenye bakuli. Petroli huivimbisha na kuikatakata ikawa vinyuzi, na vinyuzi hivyo huenda moja kwa moja kwenye jeti uliyotoka kuisafisha.

Sasa simamisha kabureta wima, unganisha chupa ndogo ya petroli juu yake kwa mpira, na usubiri dakika 15. Ikidondosha kwenye mpira wa kufurika, sindano haifungi au mrija mfupi wa shaba uliosimama ndani ya bakuli una ufa. Kutofautisha, vua bakuli, limwagie petroli chini kidogo ya mdomo wa mrija huo: likidondosha, ni ufa. Jaribio hili lisirukwe. Sindano isiyofunga hupeleka petroli kwenye silinda pikipiki ikiwa imeegeshwa, nayo hushuka kwenye oili. Kama kabureta yako ilikuwa ikifurika, chomoa kijiti cha oili na ukinuse. Kikinuka petroli, badilisha oili kabla ya kuwasha.

Kuseti

Funga kwenye pikipiki, hakikisha mdomo umeingia hadi mwisho kwenye mpira pande zote, na kebo ina mchezo wa milimita 2 hadi 3. Geuza usukani kulia na kushoto injini ikinguruma, mlio usipande.

Anza na skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoandika. Pasha injini kwa kutembea dakika 10. Weka sailensa kwenye kipimo cha kitabu, mara nyingi kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 kwa dakika, kisha geuza skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo hadi mlio uwe wa juu na laini kuliko pote, na urudishe sailensa chini. Ikiwa skrubu iko upande wa injini, kuifungua huongeza petroli. Ikiwa upande wa filta, kuifungua huongeza hewa. Skrubu ya petroli ikihitaji zaidi ya mizunguko 3, jeti ndogo ni ndogo mno au bado imeziba. Ikitaka chini ya nusu mzunguko, ni kubwa mno. Na kama ukiikaza kabisa injini haibadiliki, basi butaflai imeshikiliwa wazi kupita kiasi na skrubu ya sailensa, au kijia cha jeti ndogo kinatakiwa kurudiwa.

Pikipiki zenye kabureta mbili au nne zina hatua ya ziada. Usizitenganishe kwenye kishikilizi chao isipokuwa viunganishi vya mafuta kati yake vinavuja. Mezani, sawazisha butaflai kwa kupitisha waya uleule mwembamba chini ya kila moja mpaka zote ziubane sawa. Baadaye, injini ikiwa ya moto, unganisha geji za vakyumu na urekebishe skrubu za kati hadi zisomeke sawa kwa kiwango cha kitabu, huku feni ikipuliza injini kwa sababu imesimama.

Tembea kilomita chache kwa akseleta moja isiyobadilika, zima injini ukiwa bado mwendoni, na utoe plagi. Kahawia hafifu ni sawa. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi, na nyeupe iliyoungua ni mafuta machache, hali inayotoboa pistoni, kwa hiyo usiendelee na safari nayo.